Jeneza la Shemeji Huoqing

Lawama msimtupie Lianying peke yake. Upande wa pili wa lile jeneza niliushika mimi.

Mvua ilikuwa siku ya tisa. Katika jumba letu la udongo kila familia ina kipande chake, kuanzia jiko la chini mpaka paa la ghorofa ya nne, lakini ukuta ni mmoja kwetu sote. Kipande cha Huoqing kilikuwa na kufuli tangu ahamie kwa mwanawe mjini Xiamen, na vigae vyake vilivuja. Ukuta ukilowa pale, tumekwisha. Lianying, mjane wa kaka yake, hakutulia: anapanda, anapapasa ukuta, anashuka, anapanda tena. Mwishowe akampigia Huoqing simu.

"Shemeji, nivunje kufuli?"

"Thubutu! Jeneza langu limo humo. Ukilisogeza kabla sijafa, unaniita kaburini!"

"Basi njoo ulisogeze mwenyewe, mzee mvivu wewe!"

Akakata. Alfajiri ya pili yake akanijia na nyundo. Jeneza, ambalo kwetu wazee hujiwekea wakiwa bado hai, lilikaa chini ya tundu la paa hasa, pa kusimamisha ngazi hapakuwepo. Tukalibeba mpaka chumbani kwa Lianying, akapanda, akabadilisha vigae, maji yakakoma.

Ndipo hofu ikamshika. Alipiga simu amwambie, haikupokelewa. Akapiga baada ya chai, akapiga baada ya kulisha bata. Inaita tu.

"Nimemuua," akasema. "Nimemuua shemeji yangu kwa ajili ya ukuta."

"Acha uchuro, kula!" Lakini hata mimi niliusukuma wali wangu kando.

Saa tisa mchana kelele zikalipuka langoni.

"Yuko wapi huyo mwanamke? Jeneza langu liko wapi?"

Huoqing, kalowa chapachapa! Simu aliisahau kwa mwanawe. Lianying alishuka ngazi mbio, machozi yanamtoka.

"Liko kwangu, shemeji. Pakavu."

"Nimepanda basi nije nikukataze, kumbe umeshaniwahi!"

Akamtukana mpaka sauti ikamkauka, na Lianying akaitikia kila tusi kwa furaha. Kisha mzee akapanda juu, akaushika ukuta. Mimi nikabeba mfuko wake. Jamani, mzito! Blanketi, ndala, mpaka sufuria.

"Mgeni wetu atakaa siku ngapi?" nikamchokoza.

"Mgeni nani?" akaniuliza. "Rudisheni jeneza chumbani kwangu, nataka kutandika kitanda."