Karatasi Mbili za Jambia la Aceh

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya mnada wa vitu vya kale mjini Dallas, nilipewa glavu nyeupe, ufunguo wa kabati moja na onyo. Onyo lilitoka kwa Mkuu wa Idara ya Silaha za Kale, mzee mrefu wa Texas ambaye hakupenda salamu. "Humu ndani," alisema, "kila kitu ni cha uongo mpaka kithibitike. Na watu vilevile." Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka, nami nikameza kicheko changu.

Niliajiriwa kufungasha vitu, si kuvisoma. Nilikuwa nakaa Irving, naondoka alfajiri na gari lililopiga kelele kunishinda mimi. Siku moja Mkuu alinikuta nimeinamia jambia, nasoma kwa sauti ndogo majina yaliyochorwa kwenye bapa lake. Ikabidi nijieleze. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kule Pangani, na kabla sijaanza shule nilikuwa nasoma barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Watu wa Aceh, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra huko Indonesia, waliandika Kimalei kwa herufi hizohizo, na mwandiko huo unaitwa Jawi. Kimalei chenyewe nilijifunza baadaye, kwa kamusi na ukaidi. Herufi nilitoka nazo nyumbani.

Basi nikahamishiwa meza ya wasomaji, wenzangu wakanibatiza Bi Tanga. Jambia la Aceh huitwa rencong. Mpini wake umepinda, ala yake ni ya mbao au pembe, na pale bapa linapokutana na mpini hufungwa pete ya suasa, yaani dhahabu iliyochanganywa na shaba. Maandishi huwa mafupi: dua, jina la mwenyewe, jina la baba yake, pengine na mwaka wa Hijria. Kuyasoma ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kujua yaliwekwa lini, maana bapa kuukuu lisilo na neno hupita sokoni bila kutazamwa, likitiwa neno watu wanagombana. Mafundi wa uongo hulijua hilo. Hulipaka bapa nta, huchora herufi kwenye nta kwa sindano, kisha humwagia tindikali ikala chuma. Herufi iliyokatwa kwa patasi ina kingo kali. Iliyoliwa na tindikali kingo zake hulainika, kama kipande cha sabuni kilichotumika. Halafu kuna uchafu: ule wa miaka mingi huganda pamoja na kutu ndani ya herufi, na hautoki kwa urahisi.

Mwaka wangu wa kwanza mezani nilijikwaa. Mhandisi mmoja mstaafu wa mambo ya gesi, aliyewahi kufanya kazi Aceh, alileta rencong akasimulia jinsi mzee wa kijiji alivyomkabidhi akiwa katika kukata roho. Alilia, nami nikalia naye, kisha nikaandika kwamba maandishi ni ya kale. Mkuu wa Idara akachovya pamba kwenye spiriti, akaipitisha juu ya herufi, ikatoka nyeusi.

"Nusa," akaniambia.

Ilikuwa rangi ya viatu.

"Hukusoma jambia, umemsoma mtu. Kuanzia leo usimuulize mwenye mali neno lolote kabla hujaandika ripoti."

Nililishika neno lile kama aya. Mteja akifungua mdomo, nilinyanyua kiganja. Shaka ikanikolea hadi nje ya kazi. Nikialikwa arusi na Wakenya wa Arlington, nilikuwa nageuza sahani kutazama chapa iliyoko chini. Muuza ndizi akiniapia kwamba zimeiva, ndipo nilipozirudisha. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nikifika peponi nitaomba kwanza kuona cheti.

Baadaye nilipelekwa Houston, chini ya Meneja wa Tawi. Huyu alikuwa kinyume cha Mkuu wa Idara, kwake kila kitu kilikuwa cha kale na cha sultani. Tulikuwa tukivutana kila wiki. "Bi Tanga," aliniambia siku moja, "hivi wewe hujawahi kukutana na kitu cha kweli?" Nilimjibu kwamba nikikutana nacho nitamjulisha. Jibu hilo nilijisifia sana wakati ule.

Ndipo alipokuja Rohani. Alikuwa mwanamke wa Aceh, wa makamo, kazi yake kutunza wazee majumbani. Alinitolea salamu, akaniita Bu, yaani mama kwa lugha ya kwao, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na rencong ya marehemu baba yake, yenye jina la babu mzaa babu. Nyumba yao kule pwani ilichukuliwa na maji pamoja na kila kilichokuwamo. Jambia lilisalia kwa sababu wakati huo lilikuwa kwake Houston. Sasa kaka yake mkubwa alitaka lirudi nyumbani, na Rohani alitaka karatasi ya mtaalamu isafiri nalo, ili heshima yake ikamilike. Akaanza kunieleza namna baba yake alivyokuwa akilio… Hakumaliza neno. Nikanyanyua kiganja.

Nilitazama kwa kioo cha kukuzia. Chuma kilikuwa cheupe mno. Kingo za herufi zilikuwa laini, na ndani yake hamkuwa na uchafu hata chembe. Nikaandika kwamba bapa ni kuukuu lakini maandishi ni ya juzijuzi, yamechorwa kwa tindikali. Aliisoma karatasi, akaikunja, akasema, "Labda mimi sielewi mambo haya, Bu." Akaituma pamoja na jambia, maana alishamwahidi kaka yake kwamba karatasi inakuja. Mtu mwenye hila angeichana. Hilo sikuliona.

Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu aliporudi, amekonda. Kaka yake alikuwa amelirudisha jambia na ujumbe mmoja: baki na mchezo wako, leta lile la baba. Aliamini kwamba Rohani amelificha la kweli Marekani na kuwapelekea nakala. Dada zake wawili walikuwa wameacha kupokea simu zake. Kwenye arusi ya mpwa wake jina lake halikutajwa.

Siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nilimuuliza mteja swali. "Mlikuwa mkilitunza vipi?"

"Baba alikuwa akiliosha kila mwaka mwezi wa Maulidi," akasema. "Kwa ndimu, Bu. Analisugua kwa ndimu mpaka ling'ae, kisha analipaka mafuta. Na babu alifanya hivyo, na baba yake babu. Mimi pia, hapa Houston, sikuacha hata mwaka mmoja."

Nilihisi aibu ikinipanda mpaka masikioni. Mimi, mtoto wa Pangani, niliyesugua sinia za shaba za mama yangu kwa ndimu na majivu kila ilipokaribia Idi, ndiye niliyesahau kwamba ndimu ni tindikali. Vizazi vinne vya mapenzi vilikuwa vimelainisha kingo zile na kutoa uchafu wote, nami nikaviita udanganyifu.

Nikamwomba ruhusa nivue mpini. Nilipasha moto ulimbo unaoushikilia, nikautoa taratibu pamoja na pete. Chini yake, mahali ambapo ndimu haikuwahi kufika, jina la babu lilikuwa limeendelea: herufi tatu za mwisho, kingo kali, zimejaa kutu nyeusi iliyoganda. Nililia, na safari hii hakuna aliyenisimulia hadithi. Nikapiga picha, nikaandika ripoti ya pili, nikakiri kosa langu kwa jina langu kamili. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla sijarudi kwa binti yangu Zuhura, nesi wa Arlington.

Mkiniuliza nyinyi vijana mnaotaka kazi hii, nitawaambia shaka ni kifaa kizuri, ila kina makali pande zote mbili. Lishukuni jambia mtakavyo. Mwenye nalo mwacheni amalize sentensi yake.

Ripoti ya pili ilitumwa Aceh, wiki zikapita kimya. Zuhura akachoka kuniona nazunguka jikoni. "Mama, umesha-retire, hiyo stress yote ya nini? Si um-call tu huyo kaka mtu, u-explain mwenyewe?"

Rohani akaja kutoka Houston, tukaketi sebuleni mbele ya simu ya video. Kaka yake alikuwa mzee mpole, amevaa kofia. Nilimweleza yote kwa Kimalei changu cha kamusi: ndimu, mpini, kutu, kosa langu. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Mama," akasema, "jambia lilipofika nililishika nikalia, nilijua ni lenyewe. Kisha nikasoma karatasi yako. Mkono wangu si mtaalamu, nikaamini wewe. Sasa una karatasi nyingine na picha. Picha za jambia lipi? Lile nililolirudisha, au lile alilolificha dada yangu?"

Rohani alifunika uso. Nikaapa kwamba ni hilohilo alilolirudisha. Kaka yake akatikisa kichwa kwa upole.

"Ile ya kwanza uliiandika hujamjua dada yangu. Hii ya pili umeiandika naye kakaa ubavuni pako. Nakuuliza wewe uliyeifanya kazi hii maisha yako yote: zikiletwa mezani kwako karatasi hizi mbili, ungeamini ipi?"

Nilitaka kusema uongo, nikashindwa.

"Ya kwanza," nikamwambia.

Alinishukuru, akakata simu. Katika yote niliyomweleza siku ile, hilo tu ndilo aliloliamini.