Kompresi ya ishirini

Asubuhi risasi zilipoanza kulia nyuma ya mlima, Naomie alikuwa akipanga vyombo vya upasuaji peke yake. Mama Olga, aliyemfundisha kazi kwa miezi minane, alikuwa ameondoka mbio kwenda Lushebere kutafuta watoto wake.

Naomie alikuwa muuguzi wa miaka ishirini na sita. Wenzake aliomaliza nao masomo walizunguka Goma miaka miwili wakigonga milango ya hospitali, lakini huku milimani kila hospitali ilitafuta instrumentiste, yule anayesimama karibu na daktari wakati wa upasuaji, akimpa makasi, pensi za kubana mishipa na uzi. Ndiyo maana akaichagua kazi hiyo. Hakujiuliza kwa nini nafasi ni nyingi hivyo. Siku hiyo alielewa: waliokuwa nazo walikimbia.

Saa tatu wakaleta mwanamke juu ya machela ya miti. Aliitwa Jeannette, na mtoto alikuwa amekwama tumboni tangu juzi.

"Olga iko wapi?" Docteur Édouard aliuliza.

"Alienda kutafuta batoto, Docteur."

Daktari alimtazama kidogo. "Basi unawe."

Naomie alikuwa hajawahi kusimama peke yake mezani. Alisugua mikono mpaka viwikoni. Mama Olga alizoea kumwambia, "Mikono itetemeke mbele ya kunawa, haina shida. Nyuma ya kunawa, hapana." Akavaa glavu. Akahesabu kwa sauti kompresi, vile vitambaa vya kunyonya damu: ishirini. Ngabo, muuguzi wa dawa ya usingizi, akaandika ubaoni.

Daktari alipasua tumbo, mtoto akatoka akilia. Lakini damu ya mama haikukatika. Kompresi ziliingia tumboni nyeupe, zikatoka nyekundu, na Naomie alimpa daktari pensi moja baada ya nyingine bila kuinua macho. Kisha bomu likaanguka karibu. Vioo vililia, taa ikazimika, ikawaka tena. Nje watu walikuwa wakikimbia wakiitana majina.

Damu ilipokoma, daktari alinyoosha mkono. "Uzi. Tufunge haraka, tutoke hapa."

Naomie alikuwa akihesabu. Kumi na tisa. Akarudia, vitambaa vya mezani na vya ndooni. Kumi na tisa. Akikosea, atakuwa amewachelewesha wote chini ya mabomu kwa ajili ya kitambaa kilichoanguka sakafuni. Akinyamaza, mama huyu ataoza ndani.

"Uzi!"

"Docteur, usifunge kwanza. Kompresi moja inakosa."

"Uhesabu tena."

"Nilishahesabu mara mbili. Iko kumi na kenda."

Bomu la pili. Ngabo alijikunja juu ya kichwa cha mgonjwa. Daktari alimtazama Naomie kwa hasira, au kwa woga. Juu ya kitambaa cha mdomo huwezi kutofautisha. Naomie alibaki ameshika uzi. Hakumpa.

Daktari akarudisha mkono tumboni. Alipapasa upande mmoja, akapapasa mwingine. Nyuma kabisa ya kizazi vidole vyake vilisimama, vikatoka na kitu kidogo chekundu kilichojikunja.

"Ishirini," Naomie alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

Jeannette alipona, na mtoto wake pia. Jioni Naomie hakuweza kushika tonge; ugali ulimwanguka mapajani.

Mama Olga alipatikana salama, lakini hakutaka tena kurudi kazini. Baada ya mwezi ikaja barua kutoka Walikale: hospitali moja karibu na Mubi ilikuwa na daktari na meza, bila instrumentiste. Mama yake Naomie alilia. "Mwanangu, ile njia ya pori iko na batu babaya."

"Najua, Mama. Naogopa."

Alienda, siku mbili nyuma ya pikipiki kwenye matope. Anaogopa bado, hulala viatu vikiwa karibu na mkeka, na lori likipiga mlio barabarani huruka. Alimwomba mkurugenzi wa hospitali wasichana wawili wa kuwafundisha. Amepata mmoja, Nicole. Siku ya kwanza msichana huyo alizimia alipoona damu. Kesho yake akarudi, amechelewa, akauliza aproni yake iko wapi.