Aliyelipwa Kufa

Wiki iliyopita nilimwona tena kwenye runinga yule mwigizaji, amezeeka, safari hii akiwa hakimu. Utotoni mwangu, huko Shively, Amerika, sebule ikinuka dagaa wa kukaanga, alikuwa akifa karibu kila filamu. Leo ni mwizi, kapigwa risasi. Kesho karudi, ni mchungaji. Nikaamini kwamba Amerika wafu hupewa kazi nyingine. Mchana mmoja nikamuuliza shangazi: baba yangu, aliyeuawa vitani kule Kivu, atarudi akiwa nani? Shangazi alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

"Bon, huyo wanamulipa ili akufe," akasema. "Baba yako alikufa bure."

Sikulia. Chakula cha shuleni nacho kilikuwa bure, tena kitamu, kwa hiyo nikadhani anamsifu.