Rizista ya Mwalimu Ildefons

Ukitaka kumuudhi Ildefons, mwambie redio uliyompelekea bado inakoroma. Wewe! Atakuuliza kama betri ni mpya, kama nyumbani kwako kuna panya, kama masikio yako ni mazima. Kosa liwe la yeyote, lisiwe la mkono wake. Buganguzi nzima tunamjua hivyo na tunampenda hivyo hivyo, maana ni fundi kweli, na kwaya yetu ameifundisha miaka ishirini na sita bila kudai hata mkungu wa ndizi.

Kinanda cha kwaya nacho ni kama mtoto wake. Ni cha umeme, cha zamani, hutoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Tulipewa na Lalit, mwenye duka Bukoba mjini, alipochoka kukifuta vumbi. Ndani hakina kompyuta. Sauti inatokana na umeme unaochezacheza kwenye saketi, na umeme huo ukibadilika kidogo tu, sauti nayo inahama.

Miaka sita iliyopita Ildefons alimwondoa Agnetha kwenye ubeti wa peke yake. Mama huyo aliimba ubeti huo bila kinanda, na kinanda kilipoingia tena, hawakulingana: yeye chini, chenyewe juu. "Unashuka, mama," Ildefons akamwambia mbele ya kwaya nzima. "Umri umefika." Tangu siku ile Agnetha akawa anakaa viti vya nyuma, hafungui mdomo hata kwa nyimbo za waumini wote. Ubeti akapewa Joviana, naye akashuka. Mwaka huu akapewa Evelyne, mwalimu kijana wa shule ya msingi ambaye sauti yake haina doa. Lo, naye akashuka!

Hapo Ildefons akaanza kuingiwa na wasiwasi. Watu watatu wakijikwaa mahali pamoja, mwenye akili huitazama njia.

Jumatatu asubuhi alikibeba kinanda hadi karakana. Akapima umeme unaoingia, haukuyumba. Akasafisha kitufe cha kurekebishia sauti, ah wapi. Akabonyeza noti moja, akaweka kando yake simu yenye programu ya kupimia sauti, akasubiri. Baada ya dakika chache, kadiri kinanda kilivyopata moto, noti ile ilikuwa imepanda karibu nusu toni, polepole mno hata sikio lake lisishtuke.

"Kumbe joto," akasema. Akaazima mashine ya kukaushia nywele saluni kwa Vestina, akaanza kupuliza kipande kimoja kimoja. Alipofikia transista mbili zilizokaa pamoja, vijidude vinavyoongoza umeme, sauti ikaruka. Hilo halikumshangaza, ndiyo tabia yao, na ndiyo maana kiwandani huwekewa jirani rizista maalumu, kijipande cha kupunguza umeme, inayobadilika kwa joto ili kuzituliza. Akaipuliza rizista yenyewe. Sauti haikutikisika hata kidogo, na ilipaswa kuhama.

Akavaa miwani. Ilikuwa rizista ya kawaida, ya redio, na lehemu yake ilikuwa nono yenye mkia upande wa kushoto. Ildefons aliijua lehemu hiyo. Aliichoma mwenyewe, miezi michache kabla ya kumwondoa Agnetha. Ile ya kiwandani iliungua, akapata nyingine ya kipimo kilekile kwenye redio mbovu, akajisifu wiki nzima. Nyani haoni kundule, jamani.

Sasa angeweza kunyamaza. Nani angejua? Angeagiza rizista inayofaa, kinanda kingetulia, na Agnetha angebaki bibi aliyeishiwa sauti. Aibu ilimchoma, na kwa muda mrefu alitamani sana kunyamaza. Kisha akafunga karakana, akaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa Agnetha, kwenye kibanja chake cha migomba.

Agnetha alimkaribisha kwa heshima, akamwekea kahawa ya kutafuna, ile buni kavu ya kumpa mgeni. Ildefons hakuigusa. "Mama, wewe hukushuka," akasema. "Kinanda ndicho kilichopanda. Na aliyekiharibu ni mimi, kwa mikono yangu." Akamweleza yote bila kujitetea, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kwake. "Jumapili nitasimama niseme mbele ya watu, kama nilivyokuaibisha mbele yao."

"Waitu, jamani," Agnetha akasema. Ildefons alingoja atukanwe. Angeshukuru kutukanwa.

"Mwalimu, mume wangu, marehemu Kahangwa, aliniachia neno moja tu," mama akasema. "Nimwimbie wakati wanamshusha kaburini. Miaka arobaini alikuwa akiisikiliza sauti hii. Sikumwimbia. Ulikuwa umeshaniambia nimeshuka, nikaona haya. Nilisema nitamharibia mume wangu maziko yake."



Agnetha akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akapita katikati ya migomba mpaka kwenye msalaba wa saruji juu ya kaburi la mumewe. Ildefons akamfuata kwa mbali.

"Wa kanisani utawaambia wewe, Jumapili," mama akasema bila kugeuka. "Huyu nitamwambia mimi."

Akaanza kuimba. Mkono wa Ildefons uliinuka wenyewe kutaka kumwongoza. Akaushusha, akavua kofia, akasikiliza beti zote nne.