Kabla Hujaandika Jina la Mtu Kwenye Kompyuta

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, msimu wa kuuza pamba, mimi na mdogo wangu Nkwimba tukishuka kwenye lori pale Bariadi mjini, vumbi limetujaa hadi kwenye kope. Nkwimba ndiye mama yako mzazi. Umekua ukisikia kwamba alifariki akikuzaa, na hilo ni kweli. Lakini jinsi alivyofika Sola, kwenye ile nyumba ya baba yako, sijawahi kukueleza. Leo umeniletea habari kwamba umepata kazi idara ya ustawi wa jamii na umepewa kompyuta ya kubeba, na nimeona ulivyoifungua hapo mezani: umeinua kifuniko tu, kila kitu kikawa wazi. Kaa kidogo. Chai ikipoa tutaipasha.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, wanunuzi binafsi wa pamba wameingia kila kijiji, na mjini yalikuwa yameanza kuota maduka ya kuchapa na kutoa fotokopi. Baba yetu kule Mwamapalala alikuwa amepoteza ng'ombe wengi kwa ukame. Nkwimba alikuwa amemaliza kidato cha nne, amepata nafasi chuo cha uuguzi, anasubiri tu kifunguliwe. Ndipo akaja mzee mmoja tajiri wa Sola, mwenye wake wawili tayari, akamwambia baba kwamba ng'ombe anao. Baba hakumuuliza Nkwimba. Alimwambia tu siku ya kuja kuchukuliwa.

Mimi nilikuwa nimeshaolewa na kuachika, nimerudi nyumbani, kwa hiyo sauti yangu pale haikuwa na uzito. Nilimtorosha.

Bariadi kulikuwa na ofisi ndogo ya msaada wa sheria kwa wanawake. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Maduhu, karani mstaafu wa mahakama, mtu mpole anayeongea taratibu mpaka unadhani amesinzia. Mbele ya ofisi walikuwa wanatoa fotokopi na kuchapa barua za watu ili wapate pesa ya pango. Nyuma, palepale nyuma ya pazia, ndipo walipokuwa wakisikiliza matatizo. Kompyuta ilikuwa moja. Ilikaa kwenye meza kando ya pazia, ikifanya kazi zote mbili.

Aliyeitumia aliitwa Leticia. Nataka umjue vizuri, maana si mtu mbaya. Alitupokea kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", kama tuko nyumbani, akatupa maji ya kunawa, akamsikiliza Nkwimba bila kumkatiza. Akaandika yote kwenye kompyuta. Mzee Maduhu akapanga Nkwimba akakae Mwanhuzi kwa muuguzi mmoja anayemwamini, mpaka chuo kifunguliwe. Leticia akaandika na hilo: jina la muuguzi, na nyumba yake ilipo.

Mimi nilikuwa sijawahi kuiona kompyuta kwa karibu. Nikamuuliza, "Dada, hilo jina la yule mama litakaa humo?"

"Litakaa humo."

"Na mtu mwingine hawezi kulisoma?"

Akacheka kwa upole. "Humu haingii mtu ila mimi, Limi. Ondoa wasiwasi."

Nikaondoa wasiwasi. Nkwimba akapanda gari la Mwanhuzi. Alipokaa dirishani alinipungia mkono na kitabu chake cha biolojia.

Sasa, tulikuwa na ndugu yetu, Masanja, mtoto wa baba mkubwa. Kijana mchangamfu, amewahi kukaa Mwanza, anajua kidogo mambo ya mashine. Baba alikuwa amemtuma amtafute Nkwimba. Siku moja Masanja aliingia pale ofisini, na wala hakuja kupeleleza. Alikuja kutoa fotokopi ya cheti chake apeleke kwa mnunuzi wa pamba aliyekuwa anatafuta madereva. Leticia hakumfahamu. Fotokopi ikakwama karatasi. Wakati Leticia anahangaika nayo kule mbele, Masanja akaketi kwenye kiti cha Leticia na kuomba acheze karata kidogo kwenye kompyuta. Leticia akamjibu bila kugeuka, "Cheza tu."

Masanja mwenyewe ndiye aliyesimulia baadaye, kwenye sherehe ya kupokea ng'ombe wa mahari, huku akila nyama. Alisema alitafuta mchezo, akaona mahali panapoonyesha kazi zilizofunguliwa karibuni. Juu kabisa palikuwa na jina la Nkwimba. "Nilibonyeza tu," alisema, "ikafunguka." Watu walicheka. Mimi nilitoka nje.

Walimfuata Mwanhuzi siku ya mnada, wakati muuguzi yuko zamu hospitalini. Hawakumkamata kwa nguvu, mwanangu. Masanja alipiga hodi akamwambia, "Mama yenu amezidiwa. Anakuita kabla hajakata roho." Nkwimba alivaa viatu akapanda gari mwenyewe. Mama yetu siku hiyo alikuwa mzima, anatwanga mahindi. Gari halikupita hata kwetu. Lilikwenda moja kwa moja Sola.

Niliposikia, nilikimbilia kwa Mzee Maduhu. Tulikwenda Sola pamoja, yeye na mimi na barua yake ya mhuri. Mzee wa nyumba ile alitukaribisha vizuri, akatuletea viti, akaruhusu nizungumze na mdogo wangu pembeni ya zizi. Nkwimba alikuwa amekonda. Alinishika mkono akaniambia, "Dada, rudi nyumbani. Ng'ombe wameshaingia kwa baba. Mkinichukua leo, mama ndiye atakayepigwa."

Nikamwambia sheria ipo.

"Sheria itakuja na kuondoka," akasema. "Mama anabaki na baba."

Mzee Maduhu alimuuliza mara nyingine tena mbele ya watu, akakataa kuondoka. Tulirudi bila yeye.

Nilimweleza aliyoyasema Masanja, na wiki iliyofuata Mzee Maduhu alimwita fundi kutoka Mwanza aje aiangalie ile kompyuta. Alituita na sisi, Leticia na mimi, tukae tuone. Yule fundi hakufungua mkoba wala hakutoa kifaa chochote. Aliketi, akaanza kubonyeza. Akaweka neno la siri la kuingilia. Akatengeneza akaunti, yaani mlango wa Leticia peke yake na mlango mwingine wa kazi za wateja, usioweza kuona mambo ya ndani. Akaiagiza ijifunge yenyewe mtu akiiacha. Akafuta ile orodha ya kazi za karibuni.

Leticia akauliza, "Hivi vyote tutalipa kiasi gani?"

Fundi akamtazama asielewe. "Mnanilipa nauli tu. Hivi havinunuliwi, dada. Vilikuwemo tangu mlipoitoa kwenye boksi."

Leticia aliweka mikono usoni. Nje mtu alikuwa anagonga meza akitaka fotokopi, na hakuna aliyekwenda kumhudumia.

Ndipo Mzee Maduhu akaongea, kwa ile sauti yake ya chini. "Leticia, sikugombezi kwa kutojua. Hata mimi sikujua. Niliweka nondo madirishani na hii meza nikaiacha wazi. Nakugombeza kwa jambo moja. Huyu binti alikuuliza kama kuna mtu anaweza kusoma, na wewe ukamjibu kwamba hakuna. Hukuangalia. Ulimpa neno la kumfariji, naye akalichukua kama ulinzi."

Sijasikia tena mtu akigombezwa kwa maneno machache namna ile. Leticia aliacha kazi kabla mvua hazijaanza. Mzee Maduhu aliniomba nishike kiti cha Leticia, nikajifunza pale, na nikakaa miaka mingi.

Mwaka uliofuata Nkwimba alishikwa na uchungu. Walimchelewesha nyumbani, wakisema uzazi wa kwanza huchelewa, kisha wakamweka kwenye mkokoteni wa ng'ombe kuelekea Maswa. Wewe ulizaliwa njiani. Yeye alivuja damu, na alipofikishwa hospitali alikuwa ameshapoa. Muuguzi aliyenikabidhi wewe alikuwa msichana wa umri wake. Nilimwangalia na lile gauni lake jeupe, nikakufunika kwa kanga yangu nikatoka.

Sikukulea umchukie baba yako. Amekwishazikwa, na alinipa wewe bila ubishi. Masanja naye tunasalimiana. Leticia aliniandikia mara moja kuomba msamaha, nikamjibu kwamba simdai. Lakini hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kumrudisha Nkwimba.

Basi nisikilize, mwanangu. Utakaa na watu watakaokuambia mambo ambayo hata mama zao hawajayasikia. Kabla hujaandika jina la wa kwanza, funga hiyo kompyuta kwa neno la siri refu, lisiwe jina langu wala mwaka wako wa kuzaliwa, na usilibandike chini yake. Kazi za kila siku zifanyie kwenye akaunti isiyo na mamlaka ya kubadili mipangilio ya mashine. Ile yenye mamlaka iweke kando, uifungue kwa haja tu. Ijifunge yenyewe ukinyanyuka, na wewe usiingoje, ifunge kwa mkono hata kama unakwenda mlangoni. Siku hizi mashine inaweza kuifunga diski nzima, pale mambo yote yanapokaa, hata mwizi akiichomoa asisome kitu. Washa hilo, na ule ufunguo wake wa akiba usiuache humo humo. Ikikuambia inataka kujisasisha, usiiahirishe wiki nzima kama unavyofanya na simu yako. Kinga ya virusi na ule ukuta wa mtandao vimekuja na mashine, usivizime kwa sababu mtu kakuambia vinapunguza kasi. Flashi ya mtu usiichomeke kwa kumwonea haya. Na weka nakala ya kazi zako mahali pengine, napo pafungwe, maana mashine hufa.

Na yale ambayo hayana ulazima wa kuandikwa, usiyaandike kabisa. Hilo sikufundishwa na fundi.

Mtu akisema mnaaminiana, mwambie ndiyo, kisha ufunge. Hujamtukana.

Haya, ng'wanawane, mwanangu wee, nenda kazini kesho. Mungu akupe macho ya kuona hatari kabla haijafika mlangoni, na moyo usiochoka na watu wenye shida. Akulinde barabarani na ofisini. Wote watakaokuja kujificha nyuma yako wapone, wazeeke, na wajukuu wao ndio wawazike. Amina. Sasa lete hiyo kompyuta hapa, tuanze.