Muuguzi Aliyejiandikia Programu

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kliniki huko Makwale, wilayani kwetu Kyela. Muuguzi akaandika kwenye kompyuta tarehe aliyozaliwa mtoto, ili aone siku za chanjo zilizobaki. Badala ya tarehe yakatokea maandishi mekundu. Kina mama kwenye benchi wakaguna. Yeye akayasoma taratibu, kidole kikifuata kila neno.

"Jana niliongeza mstari, nikasahau nukta mbili," akasema. Akaziweka, akabonyeza, na tarehe zote zikajipanga.

Nikamuuliza, "Programu hii mmeletewa na nani?"

"Nimeiandika mwenyewe, baba. Nilichoka kuhesabu wiki kwa vidole."

"Nani alikufundisha?"

"Simu yangu na makosa yangu. Kwa miezi mitatu programu ilinikatalia tu."

Bibi mmoja akainuka, akamshika mikono yote miwili akimshukuru. "Ndaga fijo, mwanangu!" Kisha akatugeukia sisi. "Huyu ni wa hapa hapa. Mama yake nalima naye mpunga."

Mara ngapi nimelalamika katika safu hii kwamba Kyela hatuletewi wataalamu? Naomba radhi. Mmoja alikuwepo, ila sikuwahi kuuliza.