Harufu Ndani ya Gari la Wifi

Wifi yangu ana adabu mpaka inakera. Nasema hivyo huku nikimheshimu, maana ameolewa na kaka yangu mkubwa, na kaka yangu namjua, si mtu wa kumvumilia hivi hivi. Lakini adabu yake imezidi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Kuna siku mteja wangu alikuja saluni akakalia mkoba wa wifi bila kujua. Wifi hakusema kitu. Alisubiri mpaka yule mama akaoshwa nywele, akakaushwa, akasukwa, ndipo akauliza kwa upole kama anaweza kuchukua mkoba wake. Funguo zilikuwa humo, na alikuwa na haraka.

Mtu huyohuyo kazi yake ni kufundisha watu kuendesha gari. Ungedhani kazi hiyo inataka mtu wa kufoka. Yeye hafoki. Gari lenyewe ni la zamani, dogo, weupe wake umeshachoka, na upande wa mwalimu limefungwa breki na klachi za ziada. Juu ya paa kuna ubao wa shule wenye herufi nyekundu. Wanafunzi wake ni wale ambao shule kubwa ya barabarani imewashindwa: waoga, wazee, wake waliofundishwa na waume zao wakaishia kulia. Anawaketisha kwenye usukani anawaambia, taratibu, hakuna anayetufukuza. Wanazunguka sokoni, wanazunguka ukuta wa shule ya msingi, gia ya kwanza, ya pili, mara mojamoja ya tatu. Wanaitwa kwenye mtihani, wanapita. Mtaani wanamwita Mama Taratibu, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Sasa ikaja harufu.

Ndani ya gari kukaanza kunuka mayai viza. Si wakati wote. Wakipanda kile kilima cha hospitali, au wakisimama kwenye taa muda mrefu, inakuja, inajaa, halafu inapotea. Fikiria mwenyewe: watu wawili ndani ya gari dogo, mmoja ana wasiwasi wa kufa, mwingine ana adabu za kupindukia. Mwanafunzi akadhani ni mwalimu. Mwalimu akadhani ni mwanafunzi. Kila mmoja akawa anateremsha kioo kidogokidogo huku anajifanya anatazama maduka. Wifi alikuja kunisimulia kwa huruma kabisa kwamba watu siku hizi wana matatizo ya tumbo, na kwamba usukani unawapa hofu, masikini, sasa hofu inawashukia tumboni. Nilimuuliza, wote? Akasema, karibu wote. Nikamwambia, wifi, mji mzima hauwezi kuharibika tumbo ukiwa ndani ya gari lako tu. Akanijibu nisiwaseme vibaya watu wa watu.

Basi hali ikaendelea hivyo, majuma kwa majuma, kila mtu anamsitiri mwenzake. Taa ya injini kwenye dashibodi nayo ilikuwa imewaka siku nyingi, lakini wifi alidhani ni kwa sababu wanafunzi wanazimisha gari ovyo.

Aliyevunja kimya ni mzee mmoja mstaafu wa posta, mtu aliyefikia umri wa kutoona haya. Aliegesha pembeni, tena vizuri tu, akazima gari, akamgeukia mwalimu wake akasema, "Mwanangu, nisamehe. Kama ni wewe, nenda hospitali. Kama ni mimi, ningekuwa najua."

Wifi akasema, "Baba, mimi nilidhani ni wewe."

Wakashuka wote wawili wakazunguka gari wakinusa, watu wanawatazama. Harufu ilikuwa nyuma, kwenye bomba la moshi. Walicheka mpaka mzee akashika kiuno. Lakini waliporudi ndani na kujaribu kupanda kilima, gari likagoma. Mzee anakanyaga mafuta, injini inaguna, gari linatambaa. Wanaotembea kwa miguu wakawapita. Hapo kicheko kikaisha, kwa sababu juma lililofuata lilikuwa la ukaguzi. Magari ya kufundishia hukaguliwa kila mwaka, na moshi wake hupimwa kwa mashine. Lisipopita, ubao wa paani unavuliwa, na shule imekwisha.

Hapo ujue kuna mtu alikuwa anasubiri ubao huo uvuliwe. Mwenye shule kubwa alikuwa ameshakuja nyumbani mara mbili, amevaa viatu vinavyong'aa, anaongea vizuri kama mtu anayeposa. Alitaka wifi afunge, ahamishie wanafunzi kwake, na yeye apewe meza mapokezi, apokee simu na kuandikisha watu. Gari, alisema, linaweza kwenda kwa wauza vyuma chakavu. Kaka yangu aliona ni jambo la heri, mke wake atakaa kivulini. Wifi akamjibu mgeni kwamba atafikiria. Yeye hajui kukataa, anajua kufikiria tu.

Kwangu ndiko alikosema kweli. Nilikuwa namkausha nywele, akasema jambo kwa sauti ndogo hata nikazima mashine. Akarudia. "Wifi, wakinikalisha kwenye ile meza, nitakufa nikiwa hai." Nikasimama na kitana mkononi, machozi yananilenga, hasira zimenipanda, sijui nimkasirikie nani.

Kesho yake nikafunga saluni nikamsindikiza. Tulianzia kwa mchomeleaji wa mabomba ya moshi aliye karibu na kituo cha mafuta. Akachungulia chini, akatuambia shida ni masega. Masega ni kile kidude kilichovimba katikati ya bomba, ndani kimejaa vitundu kama sega la nyuki, na kazi yake ni kusafisha moshi kabla haujatoka nje. Yameziba, akasema, gari halipumui. Atayakata, ataunga bomba tupu, gari litaruka. Tena atafanya bure, tumwachie tu hayo masega mabovu.

Mimi cha bure kinanitia wasiwasi. Nikamuuliza, mabovu unayatakia nini? Akacheka pembeni. Nikamuuliza, na ile mashine ya kupima moshi itasemaje? Akasema kuna namna. Nikamgeukia wifi, namkuta ana uso wa mtu anayezama: mchomeleaji alikuwa ameshainua gari kwa jeki na ameshalala chini yake, sasa anaona aibu kumwambia hapana. Angekatiwa masega, angefeli ukaguzi mchana kweupe, na angesema ahsante.

Nikainama nikamwambia yule bwana atoke chini ya gari la watu. Akasema mwenye gari hajasema kitu. Nikamwambia mwenye gari hasemi, ninayesema ni mimi, na kama hatoki nashusha jeki. Alitoka. Wifi alimwomba radhi mara mbili kabla hatujaondoka.

Fundi wa pili tulielekezwa na yule mzee wa posta. Ni kijana mrefu, haongei sana, mikono yake muda wote ina grisi. Hakukimbilia bomba, alianza kwenye injini. Akachomoa plagi, akatuonyesha moja ilivyolowa petroli na kuwa nyeusi. Koili yake, ile inayoipa cheche, ilikuwa inafanya kazi nusunusu. Petroli inapita bila kuungua, akatueleza, inakwenda kuungulia kwenye masega, ndiyo maana yananuka na kujaa masizi. Mngekuja harufu ilipoanza tu, ingekuwa kazi ndogo. Wifi akatazama chini. Nikamwambia fundi asiulize kwa nini hatukuja, ni habari ndefu na ya aibu.

Akafungua bomba, akamulika ndani kwa tochi, akamwita wifi achungulie mwenyewe. Upande mmoja vitundu vimeziba kabisa, upande mwingine bado viko wazi. Hayajayeyuka, akasema. Yangekuwa yameyeyuka ningekwambia ukanunue mengine, na hayo si ya bei ya kuchezea, ndani yana madini ghali, ndiyo maana wapo wanaoyataka hata mabovu. Kisha akamuuliza gari hili mara ya mwisho limekwenda safari ndefu lini. Wifi akasema hakumbuki.

"Mama, gari hili mmelilea kama mgonjwa," fundi akasema. "Masega yanataka moto. Nitabadilisha plagi na koili, halafu wewe ulipeleke barabara kuu, injini ingurume, muda mrefu, bila kusimamasimama. Pengine yatajisafisha. Pengine."

Neno hilo pengine wifi alilishika kwa mikono miwili. Mimi lilinikosesha raha.

Siku ya kwenda, wifi alifungua mlango wa upande wa mwalimu kwa mazoea, akaketi, akasubiri. Nikamwambia, mama, mwanafunzi hayupo, leo dereva ni wewe. Akahamia kwenye usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa kwa ajili ya miguu ya mtu mwingine, akahangaika nacho, akakipata. Mimi nikakaa kwenye kiti chake cha mwalimu, pedali miguuni, nimekatazwa kugusa chochote. Sijui kuendesha na sijawahi kutaka.

Barabara kuu tukajikuta nyuma ya lori la saruji. Wifi akalifuata. Tukapita shamba, tukapita kituo cha mafuta, tukapita kiwanda cha matofali, tuko nyuma ya lori tu, tunakula vumbi lake. Nikasema, wifi, mpite. Akasema huenda naye ana haraka. Nikasema, angekuwa na haraka tusingekuwa tunasoma maandishi ya mgongoni mwake. Akasema, ngoja kidogo. Hapo nikashindwa kujizuia. Nilimwambia kwamba kuna mtu mwenye viatu vinavyong'aa anamfagilia meza, na kama anataka akakalie meza hiyo aendelee kumpisha kila mtu duniani, mimi nishuke nirudi kwa miguu.

Alitazama kioo, akawasha taa ya pembeni, akashusha gia moja, akakanyaga mafuta mpaka chini.

Injini ikapiga kelele kiasi kwamba nilishika mlango. Nikageuka nyuma, nikaona wingu jeusi limemfunika dereva wa lori wa watu, Mungu atusamehe. Gari likasitasita, halafu likaanza kuvuta. Tulimpita. Wingu likawa la kijivu, likawa jepesi, likaisha. Wifi hakupunguza. Vilima vikaja, akavipanda na gari halikuguna. Nilikuwa nanusa kama paka jikoni, na sikusikia harufu yoyote ila vumbi. Nikamtazama. Alikuwa anatabasamu mwenyewe, midomo imefungwa, kama mtoto anayeficha pipi.

Usidhani tumemaliza. Fundi alituonya kwamba masega ya zamani yakipoa hayafanyi kazi, ni lazima gari lifike kwenye mashine likiwa la moto. Asubuhi ya ukaguzi tukalizungusha nje ya mji, tukafika limechemka vizuri. Tukakuta foleni. Na kabla hatujafikiwa, mkaguzi akatoka akasema mashine inarekebishwa, wote wazime magari. Wifi, raia mwema, akazima.

Tukakaa. Jua lilikuwa limefichwa na mawingu na upepo ulikuwa wa baridi. Nikashuka nikagusa boneti, nikarudi. Nikagusa tena. Ilikuwa inapoa, na mimi moyo ulikuwa unapoa nayo. Magari ya mbele yakaanza kuingia, moja baada ya moja, na hatimaye mkaguzi akatupungia, waya wa mashine mkononi.

Nilifungua mdomo. Wifi akaniwekea mkono gotini, akashuka yeye.

"Gari langu limepoa," akamwambia. "Masega yake ni ya zamani, ukilipima hivi litafeli, na si kwa sababu ni bovu. Nahitaji kulipasha moto kwanza, hapahapa."

Mkaguzi akasema watu wa nyuma wamesubiri sana.

"Najua," akasema wifi. "Wataendelea kusubiri."

Niliganda kwenye kiti. Mkaguzi naye alimtazama kidogo, kisha akatazama ubao wa paani, akasogea kando. Wifi akarudi ndani, akawasha, akakanyaga mafuta na kuyashikilia. Honi zikaanza nyuma. Mtu mmoja akatoa kichwa dirishani akauliza kama tumekuja kupika. Wifi akatazama mbele tu, mguu haukutoka kwenye mafuta. Alisubiri mpaka mwenyewe aliporidhika, ndipo akamwita mkaguzi kwa kichwa.

Waya ukaingizwa kwenye bomba. Mkaguzi akatazama kioo cha mashine, akasema ongeza, wifi akaongeza. Akasema punguza, akapunguza. Akarudia tena, na mimi nimefumba macho naomba kila ombi ninalolijua. Kisha nikasikia karatasi inatoka kwenye mashine.

"Limepita kwa tundu la sindano," akasema. "Lakini mama, anza kutafuta masega mengine. Haya mwakani hayatafika."

"Nitayatafuta," wifi akasema. "Nina mwaka mzima wa kufanya kazi."

Tukatoka getini, akaegesha pembeni, vizuri, kwa taa na kila kitu. Nilikuwa nalia wazi bila haya. Yeye hakulia. Alitoa simu akampigia mwenye shule kubwa. Akamsalimia, akamuuliza hali ya nyumbani kwake, akamsikiliza. Halafu akamwambia ameshafikiria, hatakwenda. Sauti ya yule bwana niliisikia, ndefu, ya kubembeleza, inauliza sababu, inauliza kama ni meza ndogo, inauliza kama azungumze na mume. Wifi akaacha mpaka imalize.

"Hapana," akasema. "Sitaki."

Akakata simu. Tangu aingie kwenye familia yetu sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake, hata siku moja. Nikamwomba alirudie, kwa ajili yangu peke yangu, nilisikie vizuri.

"Sitaki," akasema, na akawasha gari.